Swali la Kumi na Nne

Nililipwa kwa fomu, si kwa siku.
Fomu thelathini kabla ya Ijumaa, alisema daktari wa chuo,
akaniachia kalamu mbili, kitambulisho cha plastiki,
na swali la kumi na nne:
Katika siku saba zilizopita, wewe na mwenzi wako
mlizungumza mara ngapi kwa dakika kumi au zaidi?

Arua, mtaa wa Oli, saa nne asubuhi,
jua limeshaanza kudai kodi.
Nyumba ya kumi na saba: Onzima, fundi baiskeli,
na Adiru, muuza angara, mkewe wa miaka ishirini na miwili.
Nikauliza. Onzima akahesabu vidole,
akafika kwenye dole gumba, akarudi alikotoka.
“Sifuri,” akasema. “Andika sifuri.”
Adiru, kampa mgongo, anapepeta:
“Leo kasema kweli.”
Ila hakuniambia mimi.
Alimwambia kuku.

Mtetea mweupe, mguu mmoja mbovu,
ndiye posta ya nyumba ile.
“We kuku, muulize bwana wako kama chumvi hujinunua.”
Onzima akageuza tairi, akamjibu kuku:
“Mwambie chumvi iko mfukoni mwa koti
tangu jana, kama mtu angekuwa na macho.”
Kuku akadonoa punje zake,
hakufikisha neno,
na neno likafika.

Miaka minne sasa, jirani alininong'oneza ugani,
tangu walipomzika Fetaa, kitinda mimba wao,
mmoja akalia hadi sauti ikakauka,
mwingine siku ile ile akarudi kuziba pancha.
Nani alimkosea nani?
Fomu haina mstari wa hilo.

Daktari husema watu wa hapa hawajieleza.
Sikumbishia, fomu ni zake.
Lakini kwetu hata jina la mtoto ni barua:
mama alimwita dada yangu Candiru, jina lenye dhiki ndani,
ili shangazi ng'ambo ya uzio alisikie
kila jioni dada alipoitwa kuoga.
Shangazi naye alijibu. Alinunua mbwa,
akampa jina refu.

Nikafunga faili. Kisha nikauliza lisiloandikwa:
“Nani kati yenu hulala mwisho?”
Adiru akamtazama kuku. Kuku akatazama barabara.
Onzima akapangusa grisi kwenye suruali,
kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta bei.
“Mimi. Nangoja kikohozi chake kikatike.
Ndipo nazima taa.”

Ungo ukasimama hewani.
Maganda yakaendelea kushuka peke yake.
Neno hilo halikupitia kwa kuku.

Nilitafuta kisanduku chake kwenye karatasi:
Hapana. Kidogo. Wastani. Sana.
Nikaandika sifuri, kama nilivyoambiwa,
nikaliacha duara wazi upande mmoja.
Pembeni, penye maoni ya mtafiti
(maneno yasizidi matano), nikabana:
Husubiri kikohozi, kisha huzima taa.
Adiru akanisindikiza hadi njiani
akanifungia angara za shilingi elfu mbili kwenye gazeti,
akakataa pesa, akanikemea kwa kukonda.

Usiku, fomu ishirini na mbili chini ya mto,
salio la simu shilingi arobaini,
nikambipu mama aliyeko Koboko.
Mlio mmoja: nimefika salama.
Miwili: sina kitu, usinitegemee wiki hii.
Nikampigia miwili.

Akabipu mara tatu.

Hatujawahi kukubaliana maana ya tatu.
Nikakaa kitandani, simu kifuani,
nikiisoma.